Odds Kubwa Sio Bei Nzuri

Fee yangu ya mwaka wa tatu ililiwa na farasi ambaye hayupo. Simaanishi alikufa. Namaanisha hajawahi kuwepo. Alikuwa namba saba kwenye skrini ya duka la kubeti nyuma ya kampasi, farasi wa kompyuta, joki wake kavaa jezi ya rangi ya machungwa, odds 34.00. Kila baada ya dakika chache mbio mpya zinaanza, geti zinafunguka, na sisi watu wazima wenye vitambulisho tunasimama kuipigia picha kelele. "Saba! Kaza, saba!" Kuna siku nilijipata nikimwambia avute pumzi.

Zilikuwa elfu thelathini na nane. Mama alizikopa kwenye chama. Sikuzipoteza siku moja, maana hakuna mtu hupoteza hivyo. Nilianza na mia mbili, nikashinda elfu mbili na kitu, nikajiona nimeielewa mashine. Baada ya wiki tatu nilikuwa natafuta odds za 50 na 60, kwa sababu odds ndogo hazingeweza tena kurudisha nilichokula. Semista ilipofunguliwa sikuwa na fee wala uongo mzuri wa kumpigia Mama. Nikaacha shule. Hiyo ndiyo CV yangu.

Sasa, hapa ndipo unangoja mahubiri. Kijana aliyeungua anarudi kuwaambia wenzake kwamba kamari ni mbaya, tusome, tuombe, tufuge kuku. Pole, leo hakuna. Nataka kusema kitu ambacho kitamkera pasta na kitamkera pia yule msee wa Telegram anayeuza mikeka: dau zuri kwa farasi asiyepewa nafasi lipo. Watu wamelitafuta, wachache wamelipata, na namna wanavyolipata inajulikana. Hasira yangu ni kwamba tunachouziwa hapa Nairobi kwa jina hilo ni kitu kingine kabisa, na wanaotuuzia wanajua tofauti.

Tuanze na nyanya. Ukienda Marikiti hununui nyanya kwa kusikia bei peke yake. Unashika, unageuza, unanusa. Debe la bei ya chini lenye nyanya zilizooza ni ghali, na debe la bei ya juu lenye nyanya ngumu za kukaa wiki linaweza kuwa rahisi. Kila mama mboga anajua hili. Lakini mama mboga huyohuyo, na mwanawe, na mimi, tukifika dirishani kwa duka la kubeti tunauliza swali moja tu: italipa ngapi?

Odds ni bei. Farasi wa odds 21.00, ambaye Waingereza wanamwandika 20/1, anakwambia: weka mia, nikishinda unapokea 2,100, mia yako ikiwa ndani. Ili biashara hiyo isikutie hasara, farasi huyo lazima awe na uwezo wa kushinda angalau mara moja katika kila mbio 21. Gawanya moja kwa 21, unapata karibu asilimia 4.8. Ukiwa na sababu ya kuamini kwamba nafasi yake ya kweli ni asilimia 6, hiyo ni bei nzuri, nunua. Kama nafasi yake ni asilimia 2, umepunjwa, na umepunjwa hata kama leo atashinda. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ilinichukua miaka miwili na elfu thelathini na nane kuielewa. Kushinda hakuthibitishi kwamba ulinunua vizuri, na kupoteza hakuthibitishi kwamba ulinunua vibaya.

Kwa hivyo unapoona odds 34.00, bado hujaambiwa kitu. Umeonyeshwa bei, nyanya hujaiona.

Na hapa kuna jambo ambalo maduka hayana haraka ya kutuambia. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Griffith, alilinganisha odds za farasi na matokeo yao. Akaona mwelekeo uleule ukijirudia: watu wanawawekea farasi wa odds kubwa pesa nyingi kuliko nafasi zao zinavyostahili, na vipenzi wanawawekea kidogo kuliko inavyostahili. Mwaka 2010 wachumi wawili, Erik Snowberg na Justin Wolfers, walichapisha utafiti uliopitia mbio za Marekani kuanzia 1992 hadi 2001, mamilioni ya farasi. Ukimwekea kipenzi katika kila mbio, ulikuwa unapoteza kama asilimia 5.5 ya pesa zako. Ukichagua farasi ovyo, kama asilimia 23. Ukiwakimbilia wale wa 100/1 na kuendelea, kama asilimia 61.

Weka hiyo kwa shilingi. Mia yako kwa kipenzi inarudi 94 na senti hamsini. Mia yako kwa farasi wa ndoto inarudi 39. Wote wawili wanakula pesa yako, lakini mmoja anaonja na mwingine anamaliza sahani. Na yule anayemaliza ndiye huwekwa kwenye bango.

Nasikia unaniuliza: na wale walioshinda? Ni kweli, wapo. Mwaka 1967 kule Aintree, Uingereza, kwenye Grand National, farasi mmoja aliyeachiliwa na joki wake alikata mbele ya wenzake kwenye kiunzi cha 23, mojawapo ya viunzi vidogo kabisa. Farasi wakagongana, majoki wakarushwa, njia ikazibika. Nyuma kabisa alikuwa farasi anaitwa Foinavon. Alikuwa ameachwa mbali hivi kwamba joki wake, John Buckingham, alipata muda wa kuona fujo, kutafuta pengo, na kuruka peke yake. Wengine waliporudi kujaribu tena, Foinavon alikuwa ameshaenda. Akashinda kwa 100/1. Mkufunzi wake hata hakuwa uwanjani, alikuwa kwenye mbio za mji mwingine. Leo kiunzi hicho kinaitwa Foinavon.

Hadithi tamu, na ndiyo shida yake. Tangu hapo, farasi wengi wa 100/1 wamekimbia Aintree, na hakuna kiunzi kilichopewa majina yao. Mwingine wa 100/1 alishinda mwaka 2009, Mon Mome. Kati ya Foinavon na Mon Mome ni miaka 42. Kumbukumbu yetu inaweka picha ya mshindi na kufuta foleni ya walioshindwa, kisha inatuletea hesabu iliyopikwa.

Lakini kuna kipande cha hadithi ya Foinavon ambacho watu hawakisimulii, nacho ndicho kina somo. Wachezeshaji walimpa 100/1. Kwenye toti, ambapo pesa za watu zinawekwa chungu kimoja na washindi wanagawana, alilipa 444 kwa moja. Farasi yuleyule, kiunzi kilekile, siku ileile, bei mbili. Aliyemwekea Foinavon kwa mchezeshaji alipata farasi sahihi kwa bei ambayo haikufika hata robo ya ile iliyokuwa hapo kando. Hapo ndipo utaona kwamba kumjua farasi ni nusu ya kazi.

Nusu hiyo nyingine nilifundishwa na Anko. Ni ndugu mdogo wa Mama, na kwa miaka mingi alikuwa saisi, mtunza farasi. Siku hizi ana boma lake Rongai na hana deni na mtu. Nilipoacha shule, Mama alinituma kwake "nikatulie", maana yake nisibaki karibu na duka. Jumapili moja akanipeleka uwanja wa mbio wa Ngong Road. Nilidhani ananijaribu.

"Sikuleti kubeti," akasema. "Nakuleta uone mnyama."

Kama hujawahi kwenda, nenda, hata bila shilingi ya kuweka. Kuna familia zimetandika leso kwenye nyasi, watoto wanakula aiskrimu, na katikati ya hayo yote kuna farasi wa kweli, wanatokwa jasho, wananyanyua masikio. Kabla ya kila mbio wanatembezwa kwenye kiduara kidogo ili watu wawaone. Nilienda moja kwa moja kwenye odds. Anko akanivuta mkono.

"Wewe unanunua ng'ombe kwa kuangalia risiti?"

Akanionyesha farasi mmoja wa kike, mwekundu-kahawia, ambaye programu ilisema mara ya mwisho alimaliza wa mwisho. Odds zake zilikuwa 16/1. Watu waliokuwa karibu nasi walimruka kwa sababu hiyohiyo ya kumaliza wa mwisho. Anko akaniuliza maswali kama mwalimu wa shule ya msingi. Mara ya mwisho alikimbia umbali gani? Mfupi, mita 1,200. Leo? Mita 2,400. Mama yake alikuwa farasi wa mbio gani, fupi ama ndefu? Ndefu. Mara ya mwisho ardhi ilikuwaje? Kavu, ngumu. Usiku wa jana? Mvua imenyesha hadi asubuhi. Ana uzito gani mgongoni? Mdogo kuliko wote, kwa sababu katika mbio za kusawazisha uzito, anayeonekana dhaifu hupewa mzigo mwepesi. Na kipenzi je? Kipenzi alikuwa ameshinda mara mbili, mbio fupi, ardhi kavu, na sasa anabebeshwa uzito mkubwa.

"Atashinda?" nikauliza.

"Nimesema atashinda? Nasema wakikimbia hivi mara kumi, mara moja anashinda. Wao wanakuuzia kama mara moja kwa kumi na saba. Hiyo ni bei ya kununua."

Akaweka mia mbili. Mimi nikaweka hamsini, ndiyo nilikuwa nayo. Farasi wetu alikaa nyuma, akaanza kusogea kwenye kona ya mwisho, nikapiga kelele hadi sauti ikapotea, na akamaliza wa tatu. Nikamwangalia Anko nikitarajia atasonya. Alikuwa anakunja programu yake taratibu. "Dau zuri hilo," akasema, na tukaenda kutafuta chai.

Mimi sikuwa nimewahi kumsikia mtu akisema maneno hayo baada ya kupoteza.

Alichofanya Anko kwa macho, mtu mwingine alikifanya kwa kompyuta na akatajirika sana. Bill Benter, Mmarekani, alihamia Hong Kong miaka ya 1980 na mwenzake Alan Woods, wakaanza kukusanya rekodi za farasi wa Happy Valley na Sha Tin: umbali, uzito, joki, nafasi ya kuanzia, siku za kupumzika. Wakaandika programu ya kukadiria nafasi ya kila farasi, kisha wakailinganisha na odds. Pale makadirio yalipozidi bei, wakaweka. Mwaka 1994 Benter alichapisha maelezo ya kazi hiyo, na ndani yake kuna ungamo ambalo ningelibandika ukutani kwa kila duka la kubeti. Programu yake peke yake haikutosha. Ilibidi achanganye makadirio yake na odds za umma, kwa sababu umati unajua mambo ambayo kompyuta yake haikuyaona. Mtu anayehesabiwa kati ya wabetiji waliofanikiwa zaidi duniani alianza kwa kukubali kwamba watu wengine si wajinga.

Na bado hata ukiwa na bei nzuri, kuna swali la kiasi. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell, alitoa kanuni ya kiasi cha kuweka, na Benter na wenzake waliitumia. Chukua yule farasi wetu wa 20/1 mwenye nafasi ya kweli ya asilimia 6. Kanuni ya Kelly inakwambia uweke asilimia 1.3 ya pesa zako zote za kubeti. Ukiwa na elfu kumi, hiyo ni bob 130. Sio elfu kumi. Sio "all in". Bob mia moja na thelathini, na hapo tumekubaliana kwamba wewe ndiye uko sahihi na umati umekosea. Kwa sababu hata ukiwa sahihi utapoteza mara 94 kati ya 100, na kuna nafasi kama moja kati ya sita kwamba utapoteza mara 30 mfululizo. Jiulize kama una moyo wa kupoteza mara 30 mfululizo ukiwa sahihi. Mimi sikuwa na moyo wa kupoteza mara tatu.

Kwa hivyo tumeona dau zuri la odds kubwa linahitaji nini. Mnyama wa kweli mwenye mambo ya kujulikana. Watu wengine wanaoweza kukosea. Kazi nyingi kabla ya mbio. Dau dogo. Na subira ya kukaa siku nzima bila kuweka, kwa sababu siku nyingi hakuna bei nzuri.

Sasa rudi nami kwenye duka nyuma ya kampasi, tutafute hata kimoja.

Farasi wa kompyuta hana mama, hana mvua, hana umbali anaoupenda. Matokeo yake yanatoka kwenye mashine ya kuzalisha namba, na odds zimepangwa ili kwa jumla mashine irudishe kidogo kuliko inavyopokea. Hakuna umati uliokosea bei, maana bei haikuwekwa na umati. Unaweza kukaa pale miaka kumi na daftari, ukaandika kila matokeo, na hutajua chochote kinachokusaidia mbio zijazo. Mimi nilikuwa na daftari. Kurasa arobaini. Nilichora hadi grafu. Wameazima sura ya mchezo unaoweza kusomwa na kuuvisha mchezo usiosomeka. Huo ndio udanganyifu, na umeruhusiwa kisheria.

Multibeti nayo? Kampuni ya kubeti hukata kidogo kwenye kila mechi. Tuseme shilingi sita katika kila mia, kwa mfano. Mechi moja, sawa, unaweza kuvumilia. Lakini unapounganisha mechi 15 kwenye mkeka mmoja, makato hayajumlishwi, yanazidishana. Sifuri nukta tisa nne, mara yenyewe, mara kumi na tano. Mia yako inabaki na thamani ya karibu bob 39 na nusu kabla hata refa hajapuliza kipenga. Ni ileile 39 ya farasi wa 100/1 wa Marekani. Tumejitengenezea farasi wa ndoto kwa miguu ya Wazungu wanaocheza mpira, na sisi wenyewe ndio tumeongeza urefu wa ndoto kwa kubonyeza "ongeza mechi".

Jakpoti ya mechi 17? Kila mechi ina matokeo matatu. Ukikisia tu, mikeka inayowezekana ni 129,140,163. "Lakini mimi najua mpira," unasema. Haya, tuseme unapatia mechi nne kati ya kumi katika zile ngumu walizokuchagulia. Nafasi yako ya kupata zote 17 ni moja kati ya karibu milioni 5.8. Kama zawadi ni milioni mia na mkeka ni mia, ile mia yako ina thamani ya bob 17, na hapo bado hatujataja ushuru wala kugawana na mshindi mwingine. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda milioni 221, na tukaonyeshwa uso wake kila mahali. Naye ni Foinavon wetu.

Na wewe wa Telegram, wewe wa "sure odds 50 leo, tuma 300 tu". Nakuuliza kwa heshima. Kama umeona farasi au mechi ambayo bei yake imekosewa, kila mtu unayemwambia anaisogeza hiyo bei. Kwenye toti, pesa zikiingia, malipo yanashuka palepale. Kwa mchezeshaji, odds zinapunguzwa. Siri ya bei nzuri inakufa kwa kuambiwa watu. Kwa nini basi unawaambia watu elfu nne? Kwa sababu zile 300 zao ndizo dau lako la uhakika, na umelipata bila kujua chochote kuhusu farasi.

Pasta naye asikae akichekelea. Kwa miaka mingi jibu la viongozi wetu limekuwa kupiga kelele kisha kukata fungu. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, tukaambiwa vijana wataokolewa. Vijana walihamia kwenye app nyingine, na ushuru ukaendelea kuchotwa kwenye madau yetu. Kumwambia kijana "kamari ni dhambi" kunamwacha bila hesabu. Anajua ni dhambi. Hajui ni asilimia 61.

Kuna swali ambalo nimelizunguka tangu mwanzo: kwa nini tunazipenda odds kubwa? Tusidanganyane kwamba ni ujinga. Mwaka 1956 William McGlothlin alichunguza mbio za Marekani kwa kufuata saa za siku, akaona kwamba hamu ya farasi wa odds kubwa hupanda kwenye mbio za mwisho. Watafiti wa baadaye hawakuiona yote kwa nguvu ileile, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye duka la kubeti saa tatu usiku hahitaji ushahidi. Umepoteza mchana kutwa. Kipenzi akishinda atakurudishia mia mbili, na wewe umepoteza elfu nne. Mbio zimebaki moja. Farasi mmoja tu kwenye ubao anaweza kukurudisha nyumbani ukiwa sawa, na ni yule wa 50/1. Humwekei kwa sababu unaamini atashinda. Unamwekea kwa sababu yeye peke yake ndiye anatosha.

Mimi nilikuwa na miaka 21 na nilikuwa nimeaminishwa kwamba hizo ndizo mbio zangu za mwisho. Fee imefika tarehe, kazi hakuna, binamu mwenye digrii anaendesha boda, na kila bango kwenye Thika Road linaniambia nafasi iliyobaki ni moja na inalipa milioni. Nchi ikishawaaminisha vijana wake kwamba jua limezama saa nne asubuhi, hata huhitaji kuwatangazia kamari. Watatafuta wenyewe farasi anayetosha. Kampuni zinachuma hapo, kwenye hofu ya kuchelewa, na nafikiri zinaijua hofu hiyo kuliko wazazi wetu wanavyoijua.

Haikuwa mbio za mwisho. Nakuambia kama mtu aliyetoka huko. Zilikuwa mbio za pili ama za tatu, na ningeweza kukaa, nisiweke chochote, ninywe chai.

Kwa hivyo nadai kitu kidogo, na kinawezekana. Kule Uingereza mashine za kamari zinalazimika kuonyesha ni asilimia ngapi ya pesa za wachezaji zinarudi kwao. Wanaotoa leseni hapa walazimishe vivyo hivyo: kila farasi wa kompyuta, kila ndege ya kupaa kwenye simu, kila mkeka wa multibeti, uonyeshe kabla sijabonyeza kwamba mia yangu hapa ina thamani ya bob ngapi. Kwa maandishi makubwa kama yale ya "SHINDA". Nyama buchani hupimwa kwenye mizani mbele yako, na mizani ikidanganya mwenye duka anashtakiwa. Mbona huyu anaruhusiwa kuuza gizani? Na shuleni, pale kidato cha tatu ambapo tulihesabu nafasi ya kutoa mpira mwekundu kwenye mfuko, mwalimu aweke mkeka ubaoni siku moja tu. Tutaelewa. Sisi sio wazito wa hesabu, tulipewa mfuko usio na pesa yetu ndani.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na tab nyingine imefunguliwa, siwezi kukuzuia. Lakini kabla ya kubonyeza jiulize maswali ya Anko. Huyu ni mnyama au ni picha? Nani mwingine anaweza kuwa amekosea bei, na mimi najua nini ambacho yeye hajui? Ikiwa huna jibu, basi wewe ndiye uliyekosea bei, na kuna mtu upande wa pili anayekungoja.

Mama aliniuliza mwaka jana kuhusu hii kazi ya kuandika. Analipwa nani, lini, na kwa nini wanachelewa. Nikamweleza: magazeti machache, malipo madogo, wahariri wasiojibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, hii nayo si kamari?"

Nikamwambia ndiyo, Mama. Odds zake ni kubwa. Lakini kila asubuhi naweza kufanya kitu kuzipunguza, nikipoteza najua nimepoteza nini, na siweki kile ambacho sio changu. Sijui kama aliridhika. Aliniuliza kama nimekula.

Namrudishia elfu mbili kila mwezi, anazipeleka kwenye chama. Zimebaki elfu kumi na sita. Za mwezi huu nimeshatuma.